Hatua Elfu Kumi na Sita za Mama Milembe

Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, Ngassa Mayala alipanda pikipiki yake nyumbani kwake Bariadi mjini, akaenda nayo mpaka uwanja wa mpira, akaiegesha, akauzunguka uwanja mara kumi na tano, kisha akapanda tena pikipiki yake akarudi nyumbani. Kutoka kwake mpaka uwanjani hata dakika kumi kwa miguu hazifiki. Ukimuuliza kwa nini asiende kwa miguu tu, alikutazama kwa huruma.

"Kwenda kwa miguu si mazoezi," alisema. "Ile ni safari."

Alikuwa afisa mipango, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye kitambi cha heshima na saa nyeusi ya mpira kwenye mkono wa kushoto. Saa hiyo ndiyo iliyokuwa mtume wake. Ilimhesabia hatua, ikampimia mapigo ya moyo, ikamwambia asubuhi kama alilala vizuri, naye hakujua kama kalala vizuri mpaka ameambiwa. Lengo lilikuwa hatua elfu kumi kwa siku. Kwenye vikao vya ofisi aliutikisa mkono wa kushoto chini ya meza ili namba ipande, na wenzake walidhani anawashwa. Jioni zikipungua hatua mia mbili alizunguka meza ya sebuleni huku watoto wakila, akiwapita migongoni na kuwapulizia pumzi kwenye sahani.

Mke wake, Domitila, alikwenda sokoni kwa miguu, kwenye kwaya kwa miguu, kisimani kwa miguu bomba likikauka. Siku moja Ngassa alimwambia, mdomo umejaa viazi, kwamba tatizo lake yeye hafanyi mazoezi. Domitila aliondoa sahani ya viazi, akaenda nayo jikoni. Ngassa hakuelewa kitu. Hakukuwa na namba ya jambo lile.

Sasa, mtu akijifanya mjinga peke yake tunaweza kumwacha. Ngassa alikwenda mbali zaidi, akampelekea na mama yake ujinga huo.

Mama Milembe aliishi Nkololo, mwendo wa pikipiki usiofika saa moja, pamoja na mdogo wake Ngassa aitwaye Mayige na mke wa Mayige, Kabula. Mzee Mayala, mume wake, alikufa kwa presha. Alianguka shambani asubuhi, mdomo ukaenda upande, siku ya tatu akawa amezikwa. Tangu hapo Ngassa aliogopa presha kuliko nyoka. Na hilo tusimnyime: alimpenda mama yake, na hofu ya kumpoteza ilikuwa ya kweli. Alichokikosa ni uvumilivu wa kukaa naye kwenye kigoda nusu siku na kusikiliza habari za ng'ombe. Ndipo akagundua kwamba kuna kitu kinachouzwa dukani kinachoweza kukaa badala yake.

Siku ya Krismasi alifika Nkololo na saa ya pili, nyeusi kama ya kwake. Akaichukua simu ya Mayige, akakaa nayo chini, akaanza kuhangaika na nywila. Mpango ulikuwa hivi: saa itapeleka habari kwenye simu ya Mayige, na simu ikipata mtandao itazituma Bariadi. Mayige kazi yake ingekuwa kuichaji saa kwenye sola kila baada ya siku tano.

Mama Milembe aliishika ile saa, akaigeuza. Upande wa chini, unaogusa ngozi, palikuwa na taa ndogo ya kijani inayopepesa.

"Inatazama," alisema.

"Inatazama, mama. Nitaona kila kitu kutoka kulekule mjini. Itakulinda."

Hapa inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Katika kaya ile, tangu enzi za babu, palikuwa na bangili ya shaba. Aliivaa mtu mmoja kwa niaba ya wote. Akiwa nayo yeye, kaya nzima imekingwa. Na aliyevalishwa hakuwa mkubwa wala mwenye cheo, alikuwa yule anayehitaji kinga zaidi kwa wakati huo: mtoto dhaifu, mgonjwa, mwanamke mwenye mimba. Ngassa mwenyewe aliivaa utotoni, kwa kuwa alizaliwa mdogo na kukohoa sana. Alipopelekwa sekondari wenzake walimcheka, naye akaivua akaitumbukiza chooni, akarudi likizo akisema imepotea. Kwa miaka thelathini kaya ile haikuwa na bangili, na mama yake hakuwahi kumlaumu hata siku moja.

"Hii ni ya kwangu peke yangu," mama aliuliza, "au ni ya kaya?"

Ngassa alikuwa ameinamia simu. Nywila ilikuwa imekataa mara ya tatu.

"Ya kaya, mama, ya kaya nzima. Ngoja kwanza."

"Na utakuja lini tena?"

"Sasa nije kufanya nini, mama, na nitakuwa nakuona kila siku?"

Mama Milembe aliitazama tena ile taa. Kisha akasema, "Wabeja, ng'wanone," yaani asante mwanangu, akaifunga saa kwenye khanga yake kwa uangalifu mkubwa.

Wiki ya kwanza namba zilikuja chache. Wiki ya pili zikafumuka. Hatua elfu kumi na mbili. Elfu kumi na nne. Tarehe ishirini Januari, mama wa miaka sabini na mmoja, mwenye goti lililokuwa likimsumbua tangu msiba wa mumewe, alitembea hatua elfu kumi na sita na mia tatu. Mtu mwenye akili zake angepiga simu kuuliza kulikoni. Ngassa aliruka kutoka kwenye kiti, akaenda kuionyesha ofisi nzima.

"Mnaona? Mnaona damu tuliyotoka?"

Paschal, mwenzake wa meza ya jirani, aliivuta miwani. "Mama yako anakwenda wapi hatua zote hizi?"

"Wasukuma wa zamani hao. Hamuwajui."

"Mimi ni Msukuma, na mama yangu ni wa zamani. Anatoka kitandani anakwenda kwenye jua, jua likizidi anarudi kivulini."

"Hajapewa hamasa," alisema Ngassa.

Hamasa aliitoa yeye. Kila jioni alituma ujumbe kwenye simu ya Mayige ili asomewe mama: "Hongera mama! Endelea hivyohivyo!" na chini yake mikono sita inayopiga makofi. Hakusema habari za asubuhi wala za jioni. Nkololo mtoto hupiga magoti akamsalimia mama yake, akauliza mlilalaje, akauliza watoto, akauliza mifugo, akauliza mvua, na mama akajibu kila moja kwa zamu yake. Yeye alituma makofi. Pale mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yalipopanda kutoka sabini mpaka tisini, alisoma kwenye simu kwamba mwili ukianza mazoezi hubadilika, akaridhika. Mwezi wa nne saa ilimwonyesha kwamba mama anaamka mara nne, mara tano usiku. Akatuma ushauri: mama apunguze kunywa maji jioni.

Domitila, aliyezaa watoto wanne, aliiona ile namba juu ya bega la mumewe.

"Huyu anayeamka hivi," alisema, "ungekwenda ukamwangalia kwa macho."

"Namwona."

"Unaona namba."

"Wewe huamini teknolojia, Domitila."

Alitunisha kifua, akaenda uwanjani na pikipiki yake.

Tarehe nne Mei, saa tano asubuhi, Mayige alipiga simu. Ngassa alikuwa kikaoni, akaikata. Ikaita tena, akaikata tena. Ukaja ujumbe: "Kaka mama kazidiwa njoo haraka."

Moyo ulimshtuka, na saa yake mwenyewe ikauandika mshtuko huo. Akafungua aplikesheni ya saa. Na hapo, mbele ya macho yake, kwa rangi ya kijani kibichi kabisa: hatua elfu saba tangu alfajiri, mapigo ya kawaida, hali nzuri. Mwaka jana Mayige huyuhuyu alimtoa ofisini kwa kilio kwamba fahali anakufa, akafika akamkuta fahali anachechemea. Ngassa alitabasamu. Akapima neno la ndugu yake wa tumbo moja na neno la saa, akachagua la saa. Akaandika: "Nimemwona sasa hivi. Yuko vizuri kuliko wewe. Acha kutisha watu."

Mayige hakujibu. Wala hakupiga tena, siku ile wala siku zilizofuata. Ngassa aliona kwamba somo limeingia.

Kitu kimoja tu kilimkera. Katikati ya Mei hatua zilianza kushuka. Elfu tisa, elfu saba, siku nyingine elfu tano. Alimweleza Paschal kwa uchungu kwamba wazee ukiwaachia kidogo tu wanabweteka. Paschal alimshauri aende Nkololo Jumamosi, gari lake lipo, watakwenda wote. Ngassa alisema Jumamosi ana mashindano ya hatua kwenye mtandao, na watu wa Arusha wanampita kidogo. Akatuma ujumbe mwingine: "Mama umelegea wiki hii. Hatua zimeshuka. Jitahidi uinuke." Safari hii hakuweka makofi.

Siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, simu yake ililia mlio ambao hajawahi kuusikia. Kwenye kioo palikuwa pekundu. Mapigo ya moyo ya mama mia moja arobaini na nane, mwili haujatembea. Akangoja dakika mbili. Mia moja hamsini na tano. Tangu saa tisa alfajiri hakulala hata kidogo.

"Presha!" alipiga kelele. "Paschal, mama anakufa!"

Hapo sasa alikwenda. Mvivu wa miezi mitano aliruka ngazi mbilimbili, akapanda gari la Paschal bila kufunga mlango vizuri, na njia nzima alikuwa akiitazama simu na kusoma namba kwa sauti, huku machozi yakimtoka. Karibu na Nkololo namba ilishuka ghafla mpaka mia na kumi, akapiga ukelele mwingine, Paschal nusura aingie mtaroni.

Walipokaribia kaya waliona wanawake wamejaa uani, na sauti zao zikawafikia kabla gari halijasimama. Ngassa hakungoja kusikia ni sauti za nini. Alifungua mlango, akakimbia hatua ishirini, akaanguka magoti vumbini, mikono kichwani.

"Mama yangu wee! Mama umeniacha!"

Wanawake wakanyamaza. Walikuwa wanapiga vigelegele. Mmoja alishika beseni la maji ya moto, akabaki amesimama nalo, akimtazama mtu mzima mwenye tai analia vumbini kwenye nyumba iliyozaliwa mtoto. Paschal alisimama kando ya gari, akatazama pembeni kwa aibu.

"Inuka, shemeji," alisema yule mwenye beseni. "Kabula kajifungua sasa hivi. Mtoto wa kike. Hakungoja kufikishwa zahanati."

Ngassa aliinuka. Mlango wa nyumba ya Mayige ulikuwa wazi, na ndani, kwenye mwanga wa mlangoni, Kabula alikuwa amelala ubavu, jasho limemkauka usoni, mtoto kifuani. Mkono uliomkumbatia mtoto ulikuwa umevaa saa nyeusi ya mpira. Taa ya kijani ilipepesa chini yake.

"Saa ya mama," Ngassa alisema, "imefikaje kwako?"

Kabula alilishangaa swali hilo. "Mama alinivalisha mwenyewe, wiki ya pili baada ya Krismasi, alipojua nina mimba. Alisema ndiyo bangili imerudi. Imenilinda, kaka. Wabeja sana."

Miezi mitano. Hatua za kwenda kisimani, za kupalilia pamba, za kuni. Mapigo yaliyopanda na usingizi wa kuamka mara tano. Hata mwanafunzi wa darasa la sita angejua mapema kuliko yeye. Ngassa alisimama pale na elimu yake yote, akihesabu kwa vidole.

"Mama yuko wapi?"

Mayige alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda. Hakumpa mkono kaka yake.

"Mama yuko ndani ya nyumba yake. Palepale unapomwona kila siku."

"Mayige, mimi sikujua..."

"Ulijua. Uliandika." Mayige alitoa simu mfukoni. Hakuwa na haraka. "Mama alianguka tarehe nne, asubuhi, akitoka kukamua. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa. Zahanati walisema apelekwe hospitali kubwa mjini siku ileile. Nikakupigia, ukakata. Nikakuandikia. Ukajibu, umemwona sasa hivi, yuko vizuri kuliko mimi." Akausoma ujumbe wenyewe, neno kwa neno, mbele ya wanawake. "Wewe ndiye mkubwa. Wewe ndiye uliyesoma. Una kioo kinachoona, na huko mjini unakaa na madaktari. Nikasema, kaka kaona, na kaka kaamua. Nani mimi nikupinge?"

"Nilikuwa naona hatua za Kabula!"

"Mama alikuuliza, ni yake au ni ya kaya. Ukasema ya kaya nzima. Tulikuwa wote tumekaa hapa."

Ngassa aliitazama saa mkononi mwa Kabula.

"Halafu ukaandika tena," Mayige aliendelea. "Kwamba amelegea. Kwamba ajitahidi ainuke. Sikutaka kumsomea huo. Aliniuliza mwenyewe, Ngassa kasemaje leo, maana kila jioni alikuwa anauliza. Nikamsomea. Kesho yake nilikwenda kuswaga ng'ombe, na niliporudi nilimkuta sakafuni."

Paschal alikuwa tayari amegeuza gari na kufungua milango ya nyuma. Ngassa aliinama akaingia kwenye nyumba ya mama yake.

Alimkuta amelazwa kwenye mkeka, mito miwili mgongoni. Nusu ya uso wake ilikuwa ileile na nusu nyingine ilikuwa imeshuka, na juu ya nyusi palikuwa na jeraha la kuanguka lililoanza kukauka. Siku ishirini. Hospitali iko mwendo wa nusu saa kwa gari. Ngassa alipiga magoti, kama alivyofundishwa na kama alivyoacha, akamsalimia mama yake salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Jicho zima la mama lilimtafuta, likampata. Hakuonyesha hasira yoyote, na heri angeonyesha. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki hai, akamshika kifundo cha mkono. Ngassa akakaa chini. Alitaka kusema samahani akashindwa aanzie wapi, kwenye saa, kwenye ujumbe, au kwenye bangili iliyo chooni tangu mwaka ule. Akalia tu, kimya, na muda ukapita. Nje Mayige na Paschal walikuwa wanaandaa godoro la kumbebea.

Chini ya kiganja cha mama yake, ile saa yake mwenyewe ilitetemeka mara mbili. Ilifanya hivyo kila alipokaa sana bila kutembea. Mama Milembe aliusikia mtetemo, akaushika mkono kwa nguvu zaidi.

"Inasema nini?" aliuliza. Maneno yalitoka polepole, yamekunjwa upande mmoja.

Ngassa alitazama kioo. Angeweza kudanganya, na kwa mara ya kwanza hakudanganya.

"Inasema niinuke, mama."

Mama Milembe aliuachia mkono wake.

"Basi inuka, ng'wanone," alisema. "Mimi nilijaribu."